Nyumba Iliyokosa Moshi

Athman aliigonga nguzo kwa mpini wa panga, akatega sikio, kisha akaigonga tena, chini zaidi. Mapenzi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji, na mlio ule aliusikia vizuri. Haukuwa mlio wa mti. Ulikuwa mlio wa mtungi mtupu.

Kutoka juu, gizani, ikaja sauti ya Kabibi, mama mkwe wake Mapenzi. "Wewe Mswahili, unaipigia nini nyumba yangu? Imekukosea nini?"

"Naibishia hodi, bibi," Athman akajibu. "Nyumba yenyewe haina hata dirisha. Nitajuaje kama wenyewe wamo?"

"Dirisha la nini? Nyinyi wa Malindi mnatoboa madirisha, halafu mnayatia vyuma msiibiwe. Si bora msingetoboa?"

Athman akacheka. Alikuwa fundi wa makuti, mtu mnene aliyefunga kikoi chini ya kitambi, na tangu alipofika Jilore asubuhi ile pamoja na Kitsao, mume wa Mapenzi, hakuwa ameacha kutaniana na bibi huyo. Kitsao alikuwa likizo kutoka kiwandani Kilifi. Alimleta fundi aangalie kama paa la nyasi lingeweza kuvuliwa na kuezekwa makuti, maana tangu ukame wa mwaka uliopita nyasi za kuezekea zilikuwa shida kupatikana, na mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza.

Athman akachomoa kisu kidogo cha kukatia kamba, akakichoma kwenye ile nguzo ya upande wa mlango, karibu na ardhi. Hakutumia nguvu. Kisu kikazama mpaka kwenye mpini. Akabaki amechuchumaa, anakitazama, na kicheko kikamtoka usoni.

"Kitsao," akaita kwa sauti ndogo. "Hebu njoo, bwana. Njoo polepole."

Nyumba ile ilijengwa na babu yake Kitsao. Kwa nje ilifanana na lundo kubwa la nyasi, paa likishuka mpaka karibu na ardhi. Ndani ilibebwa na nguzo nne za mrihi, mbili upande wa mlango na mbili upande wa nyuma. Kila mti ulichaguliwa msituni ukiwa na tawi mahali panapofaa. Tawi likakatwa, likaachwa fundo nene mfano wa bega. Juu ya mabega hayo zililala boriti za uchaga, ghala la mahindi ambalo Wagiriama huliita lutsaga. Nguzo hazikuishia hapo. Zilipita kwenye uchaga zikaenda juu kulishika paa. Hapakuwa na msumari hata mmoja, kila kiungo kilifungwa kwa kamba za gome la mbuyu. Uchaga na paa vilikuwa kitu kimoja. Kimoja kisingeweza kuanguka kikakiacha kingine kimesimama.

Na chini ya uchaga, tangu enzi za babu, palikuwa na moto. Hapo ndipo palipopikwa kila siku, na moshi ulipanda ukapita katikati ya mahindi, ukatokea kwenye nyasi. Nguzo zilikuwa nyeusi, zinang'aa masizi. Miaka mitatu nyuma Kitsao alijenga jiko la nje, la udongo na mabati, kwa kuwa macho ya mamake yalikuwa yakichuruzika machozi na Mapenzi alikuwa hapumui vizuri. Wote walifurahi. Kabibi mwenyewe ndiye aliyeyabeba mafiga kuyapeleka nje, huku akiimba. Hakuna aliyejiuliza moshi ule ulikuwa ukifanya kazi gani nyingine.

"Mchwa," Athman akasema. Alibandua ganda jeusi la nguzo kwa kucha, na ndani yake hapakuwa na mti. Palikuwa na udongo mwembamba uliopangika kama kurasa. "Hii imebaki masizi tu, Kitsao. Masizi ndiyo yameshika nyumba."

Kitsao akainua macho kuutazama uchaga. Mapenzi naye akainua. Mwaka wa njaa, themanini na nne, walikula mahindi ya njano ya msaada, na Kabibi aliapa kwamba hayataingia tena mdomoni mwake. Mwaka huu mvua iliponyesha na shamba likazaa, hakukubali kuuza hata pishi moja. Aliyapandisha yote. Uchaga ulijaa mpaka mahindi yakagusa nyasi za paa, na sasa nyasi nazo zilikuwa zimelowa kwa mvua ya juzi na jana, nzito kama nguo isiyokamuliwa.

"Mama," Kitsao akaita, "hebu shuka."

"Nachagua mbegu."

"Mbegu utachagua kesho. Shuka, Mama."

"Huyo rafiki yako anataka kuniuzia makuti, basi ananitisha. Nayajua maneno ya—"

Hakumaliza. Kitu kililia ndani ya nguzo, mlio mfupi na mkavu, na Mapenzi akahisi vumbi laini likimdondokea mkononi. Alidhani ni unga. Alilisugua kwa kidole: lilikuwa kahawia na halikuwa na harufu ya chakula. Ndoo ikamtoka mkononi, maji yakamwagika sakafuni, na wote watatu wakaruka kwa kishindo cha ndoo kana kwamba nyumba ndiyo iliyoanguka.

"Mama?" Mapenzi akaita.

"Imesogea," Kabibi akasema. Sauti ilikuwa yake lakini si ile ya mwanzo. "Mapenzi, imesogea chini ya magoti yangu. Ee Mulungu."

Kitsao alikwenda kwenye ngazi, gogo refu lililochongwa vidato, akaishika. Athman akamkamata mkono. "Ngazi imeegemea boriti iliyolala juu ya nguzo hii mbovu, ndugu yangu. Angalia. Mamako akikanyaga kidato cha kwanza, uzito wake wote unakuja pembe hii."

"Basi nitapanda nimchukue."

"Wewe ni mzito kumshinda."

"Usipande!" Kabibi akapiga kelele kutoka juu. "Kitsao, usithubutu! Umeniona nimekufa?"

Mapenzi alilijua neno hilo lilikotoka. Katika boma lile mwanamume hapandi uchaga, hata awe mwenye mji. Uchaga ni wa mama wa nyumba, na siku mwanawe wa kiume akikanyaga humo, ni kwa sababu mama ameshazikwa na chakula chake kinateremshwa wagawiwe waliohudhuria matanga. Hata mkaza mwana hapandi mpaka aambiwe. Mapenzi aliolewa tangu hajaota jino la mwisho, kama alivyopenda kutania, na bado alipewa mahindi kwa kuteremshiwa kikapuni. Hakuwahi kuuona uchaga ule kwa ndani. Mara nyingi jambo hilo lilimuuma. Sasa alitamani kama kusingekuwa na haja ya kuuona kamwe.

"Tuipige gadi," Athman akasema. "Boriti mpya ziko nje, zile za mikoko. Tuisimamishe moja chini ya hii, ishike."

Wakaingiza boriti, Kitsao mbele, Athman nyuma, wakitembea kama watu waliobeba maiti. Ilikuwa ndefu mno. Athman akachukua panga aikate, akakumbuka, akatoka nayo nje na kuikatia huko mbali, na hata hapo Mapenzi alikuwa akifumba macho kila panga liliposhuka. Waliporudi nayo iliingia chini ya boriti ya uchaga lakini haikukaza. Ilibaki nafasi ya kupitisha vidole. Kitsao akainua jiwe ili aigonge kitako isogee.

"Usigonge!" Athman na Mapenzi walisema kwa pamoja.

Kitsao akaliweka jiwe chini taratibu, kama yai. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye ndevu. Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono chini ya gadi, ajaze kokoto na kabari ya mti kidogo kidogo, bila kishindo.

"Hiyo itachelewa," Athman akanong'ona.

"Unayo nyingine?"

Athman alizitazama nguzo za nyuma, akaenda akazichoma kisu moja baada ya nyingine. Kisu kiligoma kwenye zote mbili. Upande ule hapakuwa na mlango wala maji ya kumwagika sakafuni. Huko mchwa walikuwa bado hawajafika. "Huku ni kuzima," akasema. "Kama angeweza kuja huku, akashukia huku nyuma..."

"Mama," Kitsao akasema, "unaweza kusota ukaja upande wa nyuma? Pole pole, kwa makalio."

"Siwezi."

"Jaribu tu."

"Nimekwambia siwezi! Miguu si yangu. Mahindi yamenijia mpaka kifuani, na mkono nimeshika mti wa paa, nikiuachia nitateremka nayo." Kisha, kwa sauti ya chini: "Kitsao, mwanangu, naogopa."

Mapenzi hakuwahi kumsikia mwanamke yule akisema neno hilo. Alimsikia akimtukana nyoka. Alimsikia akimjibu chifu. Kabla hajajishauri alikuwa ameshafunga kanga yake kiunoni, mafundo mawili.

"Mimi ni mwepesi," akasema.

Kitsao alimtazama akiwa bado magotini, mikono udongo mtupu. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na Mapenzi aliona namna jambo hilo lilivyomtia aibu na kumwogopesha kwa wakati mmoja. Akageuza uso ili asimwone zaidi.

Aliikumbatia nguzo ya nyuma, akaipanda kama anavyopanda mgema, nyayo zikisukuma. Masizi yalimtelezesha. Alipofika kwenye bega la nguzo aliweka mguu hapo, akajikuta uso kwa uso na ukuta wa uchaga, fito zilizofumwa na kukazwa kwa kamba. Athman alimpitishia kile kisu kidogo juu ya ncha ya ufito. Alianza kukata kamba moja moja, akiishika kila moja kwa vidole kabla ya kuikata isije ikaruka. Kamba zilikuwa ngumu kama mishipa mikavu. Fito zilipolegea, alizisukuma kando na giza la ndani likamtokea, na harufu ya mahindi, na pumzi ya mtu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama."

"Nani amekuambia upande?"

Mapenzi alining'inia pale, mkono mmoja kwenye nguzo, mguu mmoja kwenye bega lake. "Hakuna."

"Basi shuka."

"Mama, nyumba inaanguka."

"Ikianguka itaniangukia mimi. Wewe una watoto shuleni, nani atawapikia wakirudi? Yule Mswahili?"

"Wallahi mimi sijui kupika," Athman akasema kutoka chini.

"Mama," Mapenzi akasema, na sasa alikuwa analia bila kujua ameanza lini, "niambie niingie. Nikiingia bila wewe kuniambia nitajiona nimekuua mimi. Niambie tu."

Nguzo ya mlangoni ikalia tena, mara hii kwa muda mrefu. Kitsao aliacha kuchimba. Vumbi lilishuka kama ukungu.

"Ingia," Kabibi akasema. "Ingia, mwanangu. Haraka, usinisikilize."

Mapenzi akaingiza kichwa, mabega, tumbo. Mahindi yalikuwa yamejaa mbele yake kama mlima, na kati ya mlima na nyasi za paa palikuwa na nafasi ya mtu kupita kwa kifua tu. Jambo la kwanza lililomjia ni kuyatupa nje apate njia. Alikuwa ameshajaza mahindi mkononi alipomsikia Kitsao.

"Usiyatupe ya upande wako! Ukipunguza huko, huku kutazidi uzito!"

Akayaachia. Akalala juu ya mahindi, akaanza kujivuta. Maganda yalikwaruza, na kila alipovuta kiwiko yale ya mbele yalisogea kidogo kwenda kule kwenye pembe mbovu. Kwa hiyo akajifunza kuvuta nusu ya kiwiko. Hakuona kitu. Utando wa buibui ulimfunika mdomo na hakuthubutu kuinua mkono kuutoa. Aliisikia nyumba kila mahali, kama mtu anayesikia tumbo lake mwenyewe: kamba zikikaza, kombamoyo za paa zikisuguana, tone la maji likipenya nyasi. Alifikiri: nikipiga chafya tumekwisha. Papo hapo pua ikaanza kumwasha. Akaiuma midomo mpaka akaonja damu.

Vidole vyake vikagusa kitu chenye joto. Kilikuwa kifundo cha mkono cha Kabibi.

"Nimekushika, Mama. Uachie mti."

"Sitaweza."

"Uachie. Nimekushika."

"Mikono yako midogo."

"Ndiyo hiyo iliyopo, Mama."

Kabibi akatoa sauti ambayo siku nyingine ingekuwa kicheko. Kisha akauachia mti wa paa. Mapenzi alirudi nyuma kwa njia ile ile, sasa miguu ikitangulia, akijivuta kwa vidole vya miguu, akimvuta mama mkwe wake, na mzee akasota, akapumzika, akasota. Walifika katikati. Wakapita katikati. Mguu wa Mapenzi ukaigusa nguzo ya nyuma, ngumu, baridi, na akasogea mpaka akaizungushia mkono wa kushoto.

Hapo ndipo mahindi yalipoondoka. Mahali alipokuwa ameketi Kabibi palibaki shimo, na mlima wote ukaanza kulijaza, kwanza hindi moja, kisha mengi, kisha yote, yakinguruma kwenda pembe ya mlango. Nguzo haikuvunjika kwa kishindo. Ilijikunja, kama mtu aliyechoka kusimama, na sakafu ikatoweka chini yao.

Mapenzi alipiga kelele, na hakuacha kushika. Mkono mmoja ulikuwa kwenye nguzo, mwingine kwenye kifundo cha mama mkwe wake, na yeye katikati akivutwa kama kamba. Mahindi yalimpita usoni, kifuani, yakamwagika chini alikokuwa mume wake. Paa likaja nyuma yake taratibu, likiguna, upande wa mlango ukalala chini. Kamba hazikukatika. Boriti ziliteleza, zikapinda, zikaning'inia, lakini kila kimoja kilibaki kimefungwa kwa mwenzake, na nyumba nzima ikainama ikakaa kwa ubavu, kama tenga lililokaliwa. Upande wa nyuma uliendelea kusimama, pamoja na wanawake wawili waliokuwa wameung'ang'ania.

Kisha kimya na vumbi.

"Kitsao!" Mapenzi akaita. Hakuna aliyejibu. "Kitsao!"

Alisikia mahindi machache yakiendelea kubiringika.

"Mwanangu yuko wapi?" Kabibi akauliza gizani. "Mapenzi, mbona hasemi?"

Mapenzi aliita mara ya tatu na sauti haikutoka. Muda ule, mfupi au mrefu, ndio uliokuja kumrudia baadaye kuliko wote, kuliko hata kuanguka kwenyewe: mlio wa tone la maji, na jina aliloshindwa kulitamka.

Chini kabisa mtu akakohoa. "Nipo," Kitsao akasema. "Nimefukiwa mpaka kiunoni. Mguu umebanwa. Mama yupo?"

"Yupo."

"Na wewe?"

"Nimemshika Mama," Mapenzi akasema.

Athman alikuwa ameruka nje nguzo ilipoanza kujikunja, na sasa alikuwa nyuma ya nyumba akilirarua paa kwa mikono miwili huku akimtaja Mungu kwa majina yote aliyoyakumbuka. Mwanga ukaingia. Akawatoa kupitia kwenye nyasi, Kabibi kwanza, kisha Mapenzi, kisha akaingia mwenyewe, kwa kitambi chake, akamchimbua Kitsao kutoka kwenye mahindi. Mguu ulikuwa umechubuka na kuvimba, lakini aliweza kuukanyagia.

Majirani walikuja, wakashika vichwa, wakaenda kutafuta magunia na turubai kabla mahindi hayajalowa. Mvua ilikuwa imeanza tena, manyunyu.

"Ingieni jikoni," Kitsao akawaambia mamake na mkewe. "Mtalowa bure."

Mapenzi alikuwa ameketi uwanjani, juu ya udongo. Alilitazama jiko, mabati yake, nguzo zake nyembamba. "Igonge," akasema.

Athman akaenda akaigonga nguzo ya jiko. Ilitoa mlio mzuri wa mti.

"Na ile nyingine."

Akaigonga. Akazigonga zote, akizunguka, kisha akasimama mlangoni na kufungua mikono. "Nzima, shemeji. Ingekuwa mbovu ningeingia mimi?"

Mapenzi aliusikia mlio, akaukubali. Alijaribu kuinuka, akakaa tena. Kabibi alikuwa kando yake, mvua ikimchuruzika kutoka kwenye nywele nyeupe mpaka shingoni. Bado walikuwa wameshikana mikono. Hakuna kati yao aliyekuwa amefikiria kuachia.

"Ingia wewe, Mama. Utapata baridi."

"Nitaingia ukiingia."

"Sijui kama nitaingia leo."

"Basi hatuingii," Kabibi akasema.

Kitsao akaleta jamvi, akalitandaza juu ya vichwa vyao, akachuchumaa mbele yao akiushika mguu wake. Athman alibaki jikoni peke yake, mkavu, akajimiminia chai. Walimwona akipeleka kikombe mdomoni, akisita, akiinua uso kutazama mabati. Kisha akatoka mbio, chai ikimwagikia kikoi.

"Kumelia kitu huko ndani," akasema.

"Ni kifuniko cha sufuria," Kitsao akamwambia.

"Najua ni kifuniko cha sufuria," Athman akasema, akaketi nao kwenye mvua.